Njia ya Kutajwa na Njia ya Kujitafuta

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipopata leseni ya redio ya ridhaa huko Texas, Marekani, ambako nilikuwa nimekwenda kutoka Mombasa kwa ajili ya masomo, desturi ya kupelekeana maandishi kwa mawimbi ilikuwa ile ya pakiti, iendayo biti 1,200 kwa sekunde. Na mtu aliyetaka barua yake ifike mbali ilimlazimu aitaje njia yote mwenyewe, aandike alama ya wito ya kituo cha kwanza kitakachoipokea na kuirudisha hewani, kisha ya kituo cha pili, kisha ya tatu, na kanuni za AX.25, itifaki ya pakiti hizo, hazikumruhusu kutaja zaidi ya vinane. Maarifa ya njia yalikaa vichwani mwa watu. Mzee aliyenifunza fani hii alikuwa na ramani ya jimbo ukutani mwa chumba chake cha redio, imechomwa pini penye kila kituo kilichokuwa juu ya kilima au mnara wa maji, na kando ya kila pini ameandika kwa penseli saa ambazo mwenye kituo hicho aghalabu hukizima. Tufani ilipoangusha antena moja, barua zote zilizopitia hapo zilikwama mpaka mtu apige simu kupasha habari, nasi tuanze kuzitaja njia nyingine. Nilimstahi sana kwa ujuzi ule, na hadi leo sijakutana na mwingine aijuaye nchi yake kwa kimo cha vilima vyake kama alivyoijua yeye.

Mambo yalianza kugeuka kwa sababu ya kifaa kidogo cha madukani, cha rangi ya buluu na nyeusi, chenye antena mbili mgongoni: ruta ya Linksys WRT54G, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Desemba 2002. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, na kwa kuwa leseni ya GPL humfaradhisha kila agawaye programu ya namna hiyo awape wapokeaji msimbo chanzo wake, msimbo ule ulitolewa hadharani, na mwaka 2004 ukazaliwa kutokana nao mradi wa OpenWrt. Sheria za Marekani nazo zilikuwa zimekwishawapa watu wa ridhaa sehemu ya masafa ya gigahatsi 2.4, ambayo kwa kiasi kikubwa ni yale yale ya Wi-Fi ya majumbani, ila wao wana idhini ya kutumia nguvu kubwa zaidi. Ulipokaribia kwisha mwongo ule, wenzetu wa Texas walikuwa wameunganisha OpenWrt na itifaki ya kutafutia njia iitwayo OLSR, wakauita mradi wao HSMM-Mesh, nami nikajiunga na waliokuwa wakiujaribu.

OLSR ilitungwa Ufaransa, katika taasisi ya INRIA, ikachapishwa mwaka 2003. Na programu tuliyoitumia, olsrd, iliandikwa na Andreas Tønnesen huko Norway alipokuwa mwanafunzi. Kila nodi, yaani kila ruta iliyomo mtandaoni, hupiga hodi hewani baada ya sekunde chache, ikawajua majirani wanaoisikia, kisha habari za ujirani huo huenezwa mtandao mzima, hata kila nodi ikawa na ramani kamili na kuweza kujichagulia njia iliyo bora. Anwani pia hazikuhitaji msajili, kwa maana nodi huchukua sehemu ya mwisho ya anwani ambayo redio yake ilipewa kiwandani, ikaitanguliza kwa 10, na hiyo ndiyo anwani yake katika mtandao. Siku nilipoizima makusudi nodi ya katikati, picha ya kamera iliyokuwa ikitufikia ilisita kwa muda, kisha ikaendelea kwa njia ambayo hakuna mtu yeyote aliyeitaja. Nilibaki nimeduwaa mbele ya kioo.

Kazi ya kuandika programu dhibiti ya vifaa vile ilikuwa kazi ya kubana matumizi. Hifadhi ya kudumu ilikuwa megabaiti 4, na kumbukumbu ya kufanyia kazi megabaiti 16, na ndani ya hizo ilibidi vikae Linux, olsrd, kurasa za kuweka mipangilio, na lugha ya Perl iliyoziendesha kurasa hizo, hata ukiongeza huduma moja ulitakiwa kufikiri ni ipi itakayotoka. Ruta zenyewe zilikuwa adimu, kwa sababu tangu toleo la 5 hifadhi ilipunguzwa hadi megabaiti 2 na Linux ikaondolewa. Basi katika minada ya vifaa vikuukuu ungewaona watu wazima wakizipindua ruta juu chini, wamevaa miwani, wakisoma kibandiko cha tumboni ili waone namba ya toleo, na aliyepata WRT54GL alishangilia, kwa kuwa hiyo iliachiwa Linux yake.

Jambo jingine lililotutenga na waandishi wa programu za Wi-Fi ni sheria. Mtu wa redio ya ridhaa haruhusiwi kuficha maana ya maneno yake hewani, na inampasa kujitambulisha kwa alama yake ya wito; kwa hiyo zile nywila zifichazo mawasiliano, ambazo kila nyumba huziona kuwa faradhi, kwetu ni haramu. Wako wanaoliona jambo hili kuwa udhaifu, nami siafikiani nao, maana redio ya ridhaa imeishi kwa sababu kila mtu aweza kusikiliza na kujifunza, na programu ambayo msimbo wake uko wazi ndiyo inayofaa kupita katika mawimbi yaliyo wazi. Tulichokitafuta si usiri bali utulivu wa mawimbi, nao tuliupata kwa kuziteremsha redio hadi megahatsi 2,397, chini ya pale Wi-Fi ya majumbani inapoanzia.

Mradi wa HSMM-Mesh ukaja kuitwa Broadband-Hamnet, na mwaka 2015 baadhi ya waandishi wake wakaanzisha AREDN, yaani mtandao wa data wa dharura wa redio ya ridhaa. Sitayarefusha ya mgawanyiko ule. La kuhama vifaa lina faida zaidi: programu ilihamia kwenye redio za nje za Ubiquiti, kisha za MikroTik na nyinginezo, zinazofungwa mlingotini na kustahimili mvua. Kuihamisha kulitaka ustahimilivu wa vidole: unashikilia kitufe cha ndani kwa ncha ya pini huku unachomeka waya wa umeme, mpaka taa zipokezane kuwaka, kisha unaituma programu mpya kwa TFTP na kungoja pasipo kugusa kitu. Perl nayo ikaondolewa, ikaandikwa Lua mahali pake.

Mtandao ulipokua, ile ramani kamili ambayo kila nodi iliishika ikageuka mzigo. Miji iliyo mbalimbali iliunganishwa kwa njia za chini kwa chini zipitazo kwenye intaneti, na badiliko la kiungo kimoja dhaifu upande mmoja likawa habari ya kupelekwa kwa kila nodi ya upande mwingine, hata mawimbi yakajaa matangazo ya njia badala ya mizigo ya watu. Kwa sababu hiyo waandishi wakaielekea Babel, itifaki ya Juliusz Chroboczek wa Paris, ambayo nodi haiulizwi sura ya mtandao mzima: huwajua majirani zake na umbali ambao kila jirani hudai yuko nao hadi mwisho wa safari, tena ina sharti la kuyakataa madai yawezayo kuuzungusha mzigo mahali pamoja. Kwa muda itifaki zote mbili zilikaa ndani ya kifaa kimoja, ili nodi za zamani zisikatwe ghafla, nasi tukawa tunalinganisha njia ambazo kila itifaki ilizichagua, usiku baada ya usiku.

Kitu kimoja ambacho itifaki hazikukichukua ni kuelekeza antena. Masafa haya hayapiti kwenye kilima wala kwenye majani mabichi ya mwaloni, na hapana msimbo utakaouhamisha mti. Ndiyo maana katika kurasa za AREDN huwa nakipenda zaidi ya vyote kile kichoro kionyeshacho nguvu ya ishara papo kwa papo, chenye sauti inayopanda kadiri ishara inavyoimarika, kwa ajili ya mtu aliyejifunga mkanda juu ya mnara, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye bolti na macho yake hayawezi kutazama kioo. Akiisikia sauti imefika juu kabisa, hukaza bolti ya kwanza, husikiliza tena, ndipo akaikaza ya pili.