Mvula, Nzala na Makala

Nimefundisha Kiswahili wilayani Kilosa kwa muda mrefu, kwanza Kilosa mjini na sasa Mikumi. Natoa ushuhuda huu kwa kuwa lugha za wenyeji wa huku zimebadilisha kabisa namna ninavyoyasikia maneno. Nyumbani kwetu ni Pangani. Sisi watu wa pwani tunakua tukiamini kwamba Kiswahili ndicho kipimo, na kila anayesema tofauti yuko njiani kukifikia. Nilipofika huku na kuwasikia wazee wa Kisagara na Kividunda, nilihesabu usemi wao kuwa Kiswahili kilichopinda. Maneno mawili yakilingana kwa sauti, kwangu yalikuwa ndugu. Yasipolingana, sikuyafikiria tena.

Aliyenigeuza ni bibi mmoja wa Kisagara, jirani yangu wa Kilosa mjini. Masika yalikuwa yamechelewa, na siku mawingu yalipokusanyika juu ya milima nilimwambia kwa furaha, "Bibi, mvua hiyo!" Akajibu, "Ee mwanangu, mvula. Basi nzala haitatuona mwaka huu." Maneno yake yote yalikuwa Kiswahili isipokuwa hayo mawili, nami nikayaweka moyoni: mvula kwa mvua, nzala kwa njaa. Baadaye nikamsikia akisema kwikala kwa kukaa. Hapo nikashtuka. Maneno matatu yasiyohusiana kwa maana yalikuwa yamepishana na yangu mahali palepale. Yeye alikuwa na l, mimi sina kitu.

Usiku ule nilikaa na daftari. Kwa miaka nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa: zaa, zaliwa; chukua, chukuliwa; twaa, twaliwa. Nilizoea kusema kwamba kitenzi kinachoishia na irabu mbili "huongezewa" l. Huongezewa na nani? Ile l haikuongezwa. Ni ya asili, ilikuwa ndani ya shina tangu kale. Kiswahili kiliiacha ikapotea mwishoni mwa zala na chukula, lakini kabla ya i ikasalimika. Ndiyo maana kutokana na kukaa tuna makalio. Bibi yule alikuwa anatamka waziwazi sauti ambayo mimi nilikuwa nayo mdomoni kila siku bila kuitambua. Lugha yake haikuwa imepinda popote. Imehifadhi tulichokidondosha sisi wa pwani.

Wala si kwamba lugha za huku zimehifadhi kila kitu. Wazee wa Kilosa husema munhu, sisi mtu. Husema nghuku, sisi kuku. Husema mhembe, sisi pembe. Ukiyatazama moja moja ni maajabu yasiyo na maelezo. Ukiyapanga pamoja unaona kanuni. Zamani palikuwa na sauti ya puani mbele ya t, k na p. Huku wameiweka pua na kuigeuza t, k au p kuwa pumzi. Kwetu konsonanti imebaki na pua imekufa, ingawa wazee wa pwani bado huitamka kuku kwa k yenye pumzi. Kila upande umetunza kipande.

Tangu hapo nilianza kuamini jambo ambalo mwanzo lilinikaa vibaya kichwani: kinachothibitisha undugu wa maneno ni tofauti zao zinazorudiarudia kwa utaratibu, kuliko kufanana kwao. Kufanana huja kwa njia nyingi. Huja kwa kurithi, huja kwa kuazima, huja kwa bahati tu. Lakini bahati haiwezi kutoa l ileile mahali palepale katika mvua, njaa, kukaa, kuzaa na kuchukua.

Kazi hii ya kulinganisha lugha ilianza zamani, na sehemu yake ilifanyika katika milima hii hii. Mmisionari Mwingereza J. T. Last aliishi Mamboya, Ukaguru, katika karne ya 19. Mwaka 1885 alichapisha kitabu kilichokusanya maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48, akiziweka ubavu kwa ubavu ili zilinganishwe. Mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof akaonyesha jinsi sauti za lugha za Kibantu zinavyolingana kwa kanuni. Sikitiko langu ni kwamba mtoto wa Kikaguru anaweza kumaliza sekondari leo asijue kwamba maneno ya babu zake yalikuwa miongoni mwa yale yaliyokusanywa mapema kwa kazi hiyo kubwa.

Kufanana kunakopotosha nilikutana nako tena nilipohamia Mikumi: swali la kwanza la wanafunzi lilikuwa juu ya jina la mji wao. Wengi walikuwa na hakika kwamba linatokana na namba kumi. Kwa sikio wako sahihi. Sarufi inakataa. Wingi wa kumi ni makumi. Husikii mtu akisema mikumi ya watu. Kiambishi mi- ni cha miti: miembe, mibuyu, mikorosho. Mikumi ni wingi wa mkumi, jina la huku la mti ambao Kiswahili cha vitabuni huuita mvumo, ule mrefu wa jamii ya mnazi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, imebeba jina la mti huo. Ukienda na barabara kuu kuelekea Iringa unakuta Ruaha Mbuyuni, nako ni mti uliotoa jina. Wanafunzi waliposikia hoja ya makumi walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Kwa hiyo mwalimu, ngeli ni ushahidi?" Ndiyo. Ngeli ni ushahidi mkubwa kuliko sauti.

Mfano ninaoupenda kupita yote ni makala. Makala kama hii unayoisoma ni neno la Kiarabu, kutoka maqala. Lakini katika lugha nyingi za Kibantu makala ni makaa, mkaa wa kupikia. Ni l ileile tena: makala, makaa. Ndivyo kisemavyo Kilingala, na ndivyo linavyoitwa gereza kubwa la Kinshasa, Makala. Maneno mawili, sauti moja bila tofauti hata ya herufi, na hayana damu yoyote ya pamoja. Halafu chukua kaa la moto na kitenzi kaa. Kwenye Kiswahili hayatofautiani. Muulize mzee wa huku: moja ni kala, la pili ni kwikala, na ile i ya mbele inakuambia yametoka mashina mawili.

Kinyume chake pia kipo. Kilosa ni wilaya, na ndani yake kuna kata iitwayo Ulaya. Nani angedhani kwamba wilaya na Ulaya, nchi za Wazungu, ni neno moja? Yote mawili yanatokana na wilaya ya Kiarabu, utawala au jimbo. Moja limetujia kwa maana hiyo ya serikali. Lingine lilipita India, ambako kwa umbo la vilayat lilikuja kumaanisha nchi ya mbali ya watawala, yaani Uingereza na Ulaya.

Watu huniletea pia sita na six ya Kiingereza kama maneno ndugu. Sita tuliiazima kwa Waarabu, na Kiingereza kimerithi six katika ukoo wa lugha za Ulaya. Namba ya kale ya Kibantu unaweza kuisikia kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku: tandatu, tatu juu ya tatu. Na mama? Karibu kila taifa lina neno la namna hiyo kwa kuwa ndiyo silabi nyepesi kwa mtoto mchanga. Katika Kijojia, neno mama maana yake ni baba.

Majina ya makabila yanahitaji tahadhari zaidi, kwa maana huko makosa huzaa madai ya ardhi na asili. Kuna Wasagara wa Kilosa, na kuna Wasagalla wa Taita, Kenya. Nimesikia wakiunganishwa kwa jina tu. Wanaisimu wameiweka lugha ya Wasagalla pamoja na Kidawida katika kundi E, na Kisagara katika kundi G pamoja na Kiluguru na Kividunda. Anayetaka kuthibitisha undugu wa karibu alete orodha ya maneno na kanuni za sauti. Jina pekee halitoshi.

Darasani kwangu Kikaguru, Kisagara na Kividunda si tena mambo ya kukemea. Mwanafunzi akiandika mvula kwenye insha namsahihisha, kwa kuwa mtihani ni wa Kiswahili, kisha namwomba asimame awaeleze wenzake kwa nini bibi yake husema hivyo. Wanaozifahamu lugha hizi wanazidi kupungua, hasa Kividunda, ambacho vijana wengi wa hapa Mikumi wanakisikia bila kukisema.

Ndugu msomaji mwenye wazee Kilosa, Mamboya, Ulaya au Vidunda, nakuomba: nenda na daftari wangali hai. Waulize viungo vya mwili, mvua, njaa, moto, namba, miti na wadudu. Usiandike tu yanayofanana na Kiswahili. Andika hasa yale yanayotofautiana, na uandike kama wanavyotamka wao.