Ukienda makumbusho Arusha, mchukue na bibi

Shule zikifungwa, wazazi wengi wa Makumira, Tengeru na Usa River huulizana swali lilelile: watoto tuwapeleke wapi? Mbuga za wanyama zinataka gari na fedha. Sehemu za michezo ya kulipia humaliza hela ndani ya saa moja. Mwisho wake mtoto anabaki nyumbani na simu ya mama, na mama anabaki kugombana naye kuhusu simu.

Wakati huohuo, magari ya watalii yanapita mbele yetu kila siku kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha. Tumezoea kuamini kwamba vitu vya kutazama viko mbele, Ngorongoro na Serengeti, na kwamba hapa ni njia tu. Si kweli. Kwa nauli ya daladala, familia inaweza kufika kwenye majumba mawili ya makumbusho mjini, makaburi yenye historia ya dunia pale Tengeru, na ziwa lililotokana na volkano.

Nina ushauri mmoja kwa mzazi atakayepanga safari hiyo. Msiende bila babu au bibi.

Makumbusho yetu mengi yana picha za zamani, vifaa vichache na maelezo mafupi ukutani. Mtoto wa darasa la nne anavimaliza kwa dakika kumi, kisha anauliza, "Tunaondoka saa ngapi?" Lakini akisimama mbele ya picha hiyohiyo na mtu aliyekuwepo wakati ule, anaanza kuuliza maswali mengine kabisa.

Kuna na sababu ya kuharakisha. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, sasa anakaribia miaka 70. Aliyekuwa na miaka 10 Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, sasa amepita miaka 80. Majengo yatakuwepo likizo ijayo. Wazee hatuna uhakika nao.

Anzeni na Boma

Makumbusho ya Historia ya Asili yako ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma, si mbali na Mnara wa Saa. Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1900, na tangu mwaka 1987 ni makumbusho. Kuta zake nyeupe na uwanja wake mpana vinampa mtoto nafasi ya kutembea, jambo ambalo kila mzazi wa watoto wadogo atalishukuru.

Ndani kuna maelezo kuhusu chimbuko la binadamu, somo ambalo Tanzania inaongoza duniani. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota Oldupai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, la kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita. Mwaka 1978, kundi la watafiti aliloliongoza lilifukua nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Waliopita pale walitembea kwa miguu miwili kama sisi, na nyayo zao hazilingani, nyingine ni kubwa na nyingine ni ndogo. Mkirudi nyumbani, mwagieni maji udongo wa uani, babu akanyage na mjukuu akanyage, kisha mpime kwa rula. Mtoto hatasahau somo hilo.

Lakini msiondoke Boma bila kuuliza nani alilijenga. Ngome ile ilikuja baada ya miaka ya mapigano. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, jirani kabisa na Makumira. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, kwa damu, kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Watu hao hao ndio waliolazimishwa kufanya kazi ya kuinua kuta za Boma. Hakuna mzee aliye hai aliyeyaona hayo, ila wapo walioyasikia kwa babu zao. Muulize mzee wenu: kwenu walisimulia nini kuhusu Wajerumani? Jibu linaweza kuwa sentensi mbili tu. Zichukueni.

Azimio, na maisha yaliyofuata

Kutoka Boma, nendeni Kaloleni, kwenye Mnara wa Mwenge. Hapo kando ndipo yalipo Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jengo hilo lilikuwa ukumbi wa jamii. Kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa humo na kupitisha Azimio, na Februari 5 likatangazwa rasmi. Siku iliyofuata benki zikataifishwa. Miaka 10 baadaye, 1977, ukumbi ukafunguliwa kuwa makumbusho.

Mtoto atakutana na Azimio kwenye mtihani. Atakariri kwamba lilihusu ujamaa na kujitegemea, na kwamba lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Hayo ni ya daftari. Bibi ana mengine. Anaweza kukumbuka matembezi ya kuunga mkono Azimio. Anaweza kukumbuka kisomo cha watu wazima, mama mtu mzima akishika chaki kwa mara ya kwanza. Anaweza kukumbuka kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, au foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bidhaa zilipokuwa za mgawo.

Na wazee hawatakubaliana. Babu mmoja atasema wakati ule kiongozi aliogopa kula rushwa. Mwingine atasema walinyimwa hata nguo ya kuvaa. Waacheni wabishane mbele ya watoto. Mtoto atajifunza kwamba historia ina watu ndani yake, na kwamba watu wawili wenye heshima zao wanaweza kuishi miaka ileile na kuiona tofauti.

Jambo moja la kuzingatia: katika kumbi nyingi za historia ya siasa, sura zilizo ukutani ni za wanaume. Kwa hiyo kama mna bibi, aende bibi. Muulizeni nani alilima, nani alipanga foleni, nani aliuza ndizi ili ada ipatikane.

Tengeru: wageni walioishi kwetu

Siku nyingine, msifike mjini. Shukeni Tengeru. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapoland, karibu 150, yaliyotunzwa vizuri. Ombeni ruhusa getini, mtaelekezwa.

Mtoto atashangaa: Wazungu hawa walifika vipi hapa? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa Poland na kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiliwa, maelfu walipitia Iran, na wengine wakaletwa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ikawa kambi yao, na watu wapatao 5,000 waliishi hapo, wengi wao wanawake na watoto. Walikaa katika vibanda vya mviringo, wakawa na shule, kanisa na hospitali yao. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliokufa walibaki: Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, kila mmoja na alama ya imani yake.

Hapa pana somo ambalo mzazi hahitaji kulihubiri. Watoto wetu wamezoea kusikia neno mkimbizi likitajwa kuhusu Waafrika. Pale watasoma majina ya Kizungu kwenye mawe na kuelewa wenyewe kwamba vita humfanya mtu yeyote kuwa mkimbizi. Kama mzee wenu alikulia maeneo hayo, muulize kama wazazi wake waliwauzia Wapoland maziwa au ndizi, au walijifunza kutoka kwao ufundi wowote.

Mkimaliza, Ziwa Duluti liko karibu. Ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kuna njia ya kutembea kwa miguu. Ndege ni wengi na kenge huonekana. Kingo zina mteremko mkali, kwa hiyo mshike mkono mtoto mdogo na msithubutu kuogelea. Mwelezeni pia kwamba Mlima Meru wenyewe ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, malizieni sokoni Tengeru, ambapo bibi ndiye mwalimu. Amuoneshe mjukuu mshare ni ipi, na kwa nini loshoro haipikwi kwa ndizi yoyote tu.

Historia isiyo na kiingilio

Tukio kubwa kuliko yote katika eneo letu unaweza kulipata bila kulipa mlangoni. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, watu wakaambiwa waende Kingori. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa malalamiko yao. Alisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Ardhi haikurudi wakati huo, lakini dunia ilisikia. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla Mwalimu Nyerere hajaenda kwenye baraza hilohilo kudai uhuru wa Tanganyika.

Mtoto wa Meru anayejua habari za Napoleon na hajui habari za Kirilo amenyimwa kitu. Na habari hizo hazimo sana kwenye makabati ya vioo. Zimo kwa mzee anayekaa barazani akiota jua asubuhi.

Mkiwa na mzee aliyehamishwa au aliyezaliwa Kingori baada ya wazazi wake kuhamishwa, muombeni kwa adabu. Akikataa, msimlazimishe. Wapo walioamua kunyamaza miaka yote kwa sababu maumivu yake hayajaisha. Mtoto akiona babu anatazama pembeni na kubadili mazungumzo, hilo nalo ni jibu, na mzazi anaweza kumweleza baadaye taratibu.

Mambo ya kupanga kabla ya kutoka

Chagueni sehemu moja au mbili kwa siku. Mzee na mtoto wa miaka sita huchoka kwa wakati mmoja. Tokeni asubuhi, bebeni maji, chakula chepesi, na kofia. Ulizieni vyoo na mahali pa kukaa mara mnapofika. Mlangoni, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mwanafunzi hulipa kidogo zaidi, hivyo mbebe kitambulisho.

Mpe kila mtoto swali moja la kumuuliza babu au bibi, lisilojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Kwa mfano: mlikula nini mwaka ule? Nani alikuletea habari? Uliogopa nini? Mzazi, wewe nyamaza. Mzee akikosea mwaka, usimkatize. Mwaka utausoma ukutani, sauti yake hutaipata tena.

Simu mliyokuwa mkigombania itumike sasa. Muombe mzee ruhusa, mrekodi sauti, kisha liandikeni faili jina lake na tarehe. Litumeni kwa ndugu wengine ili lisipotee simu ikiharibika.

Wanaosoma wakiwa mbali na Arusha wanaweza kufanya hivyohivyo. Familia ya Mwanza ina Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yenye ngoma za kale na vifaa vya watemi. Bibi wa Kisukuma akisimama mbele ya ngoma hizo, huenda akajua ipi ilipigwa lini na kwa nini. Kila mkoa una jengo lake la zamani, na kila familia ina mtu anayelikumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana watoto waende wapi, mpigieni simu babu au bibi. Muulizeni kama Jumamosi ana nafasi, na kama magoti yataruhusu. Akikubali, tafuteni siti ya mbele kwenye daladala, akae yeye, na mjukuu akae karibu yake.