Gari la zamani, watoto nyuma, spea kwenye buti

Wapo wanaoweka gari la zamani uani kwa ajili ya kupigia picha. Sisi la kwetu tunasafiri nalo. Ni Peugeot 504 ya mwaka 1979 tuliyoachiwa na marehemu baba yangu. Kila Desemba tunapakia watoto wetu watatu na mizigo, tunatoka Dar es Salaam kwenda Usangi, milimani Upareni, kumwona bibi yao. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Wazazi wa umri wangu wanalikumbuka gari hili. Lilianza kutengenezwa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally. Kabla yake ilikuwepo 404, ambayo Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda nayo mashindano hayo mwaka 1966 na 1967. Baba hakuchoka kusimulia habari hizo. Lakini magari ya mashindano hufuatwa na mafundi na spea. Mtu wa kawaida anayekwenda kwao na familia, fundi ni yeye mwenyewe, na spea ni zile alizopakia.

Tulipolirithi, mke wangu alisema wazi. Kitindamimba wetu ana pumu. "Baba watoto," aliniambia, "gari la baba mkwe silikatai. Ninachokataa ni kulala porini na mtoto anayehema kwa shida, eti tunasubiri spea itoke Dar." Hakuwa na kosa. Basi linaloharibika, abiria huhamishiwa jingine. Gari lako likizima, mzigo ni wako na watoto ni wako.

Tukakaa mezani na daftari la shule, tukajiuliza swali moja tu: ni kitu gani kikifa kinalisimamisha gari hili kabisa, na ninaweza kukibadilisha mwenyewe kando ya barabara? Kioo cha dirisha kikigoma kupanda, safari inaendelea. Mkanda wa feni ukikatika, safari imeishia hapo.

Kwa hiyo tunabeba mkanda wa feni mpya, hozi za rejeta za juu na chini, klipu zake, na maji safi lita 10 ambayo si ya kunywa. Upande wa moto wa injini tunabeba pointi, kondensa, rota, kofia ya distributa, plagi mbili na koili. Kondensa ni kitu kidogo cha bei nafuu, lakini ikifa injini inazima bila hata kukuaga. Upande wa petroli tunabeba chujio, futi chache za mpira wa petroli, na kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Jua likiwa kali, petroli huweza kuchemka ndani ya bomba na gari likazima. Funga kitambaa kibichi kwenye pampu ya petroli, subiri ipoe, kisha washa.

Ongeza lita mbili za oili ya injini, oili ya breki, fyuzi, balbu, waya na tepu nyeusi ya umeme. Tairi la akiba lipimwe upepo kabla ya safari, siyo siku ya pancha. Pembetatu na kizima moto viwe mahali pa kufikika, si chini ya magunia.

Vifaa si vingi: spana namba 8 hadi 19, bisibisi za aina mbili, koleo, jeki, spana ya magurudumu, ubao wa kuweka chini ya jeki, kipimo cha kupimia pointi, taa ya kuvaa kichwani na glovu. Sheria ya baba ilikuwa moja: spana isiyowahi kufungua nati za gari lako usiihesabu. Ijaribu nyumbani.

Na usitupe spea ya zamani uliyoibadilisha ikiwa bado ni nzima. Mpya za siku hizi nyingine hazimalizi wiki. Mimi hufunga mpya mwezi mmoja kabla ya safari, na ile ya zamani ndiyo naibeba. Hiyo nimeshaijua tabia yake.

Mwaka juzi daftari lilifanya kazi yake. Tulikuwa tumeshapita Mombo, saa nane mchana, jua la utosi, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Nilisogea pembeni na kuzima injini kabla haijachemsha. Mkanda ulikuwa umekatika, na ukikatika pampu ya maji haizunguki tena. Mke wangu aliweka pembetatu, akawapeleka wadogo chini ya mgunga mbali na barabara, akiwa na mkoba wa dawa ya pumu begani. Mkoba huo haukai kwenye buti kamwe, unakaa miguuni pake.

Kifungua mimba wetu, binti wa miaka 13, alibaki na mimi. Mwaka ule alikuwa amenyamaza sana nyumbani. Ukimuuliza shule, anajibu "salama" na kuondoka. Aliniuliza kwa nini tusifungue mfuniko wa rejeta. Nikamweleza kwamba maji ya moto yangemrukia usoni, tusubiri. Alilegeza nati ya altaneta mwenyewe, nikavalisha mkanda, yeye akavuta altaneta kwa kipande cha ubao nami nikakaza. Katika kule kusubiri injini ipoe, ndipo aliponiambia habari za wasichana waliokuwa wakimcheka darasani. Sikumkatiza. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kusema huku akitazama mkanda badala ya kunitazama mimi.

Ilituchukua dakika 50. Tulifika Mwanga kabla ya magharibi, na mlima wa Usangi tukaupanda bado kuna mwanga. Januari mke wangu na mimi tulikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wake.

Mzazi mwenzangu, kama na wewe una gari la zamani, si lazima ununue duka zima. Andika orodha ya gari lako, kwa sababu kila gari lina ugonjwa wake. Mpe kila mtoto kazi inayolingana na umri wake: mmoja ahesabu spana, mwingine ashike tochi. Dawa na maji ya kunywa viwe karibu na mkono. Na jambo ambalo huwezi kulitengeneza kando ya barabara, kama breki au usukani, litengenezwe kabla hamjaondoka. Hilo halina spea ya kubeba.

Sasa daftari hilo analitunza binti yangu. Wiki iliyopita ameniandikia kwa wino mwekundu: "Baba, kondensa ya akiba hatuna."