Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Katika shughuli zote ambazo mwanadamu hufanya na mwenziwe, hapana iliyo ya kila siku kama kununua na kuuza, wala hapana inayoaminiwa sana na kuchunguzwa kidogo kama hiyo. Mtu hutoa fedha aliyoichuma kwa jasho, naye hupewa ahadi. Na ahadi yenyewe aghalabu ni kipande cha karatasi. Mpaka mali ifike mlangoni, mnunuzi hana kitu ila neno la mwuzaji. Na mali ikifika nayo siyo iliyoagizwa, hana kitu ila neno lake mwenyewe. Nataka kusimulia siku ambayo neno langu lilinipungukia, ingawa maneno ndiyo kazi yangu na ndiyo riziki yangu.

Miaka michache iliyopita niliazimia kumwezekea mama yangu nyumba yake ya Pangani kwa mabati. Nyumba hiyo ni ya fito na udongo, na tangu utoto wangu ilikuwa imeezekwa makuti. Makuti yana ubaridi mwema, lakini hutaka kubadilishwa mara kwa mara, na mama hakuwa tena na nguvu ya kuwasimamia waezekaji. Nilikwenda katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, nikaagiza mabati 48 ya geji 28, nikalipa fedha taslimu, nikapewa ankara iliyoandikwa hayo yote kwa kalamu.

Asiyezoea mambo ya ujenzi hana budi kuelezwa kwamba namba hizi huenda kinyume cha matazamio: kadiri namba ya geji inavyozidi, ndivyo unene wa bati unavyopungua. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na bei yake ni ndogo. Mahali ambapo upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, unene wa bati si jambo la fahari. Ni miaka ambayo mtu atakaa chini yake bila kuvujiwa.

Fundi alibandua makuti, akasimamisha kenchi, akapigilia papi. Ulikuwa mwezi wa Machi, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Lori lilifika alasiri. Utingo alishusha mabati upesi upesi, na dereva akanipa hati ya kupokelea mzigo nitie sahihi. Fundi wangu, mzee ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, aliinua bati la juu, akalitikisa, akaridhika. Akaendelea kuinua moja moja, hata alipofika la kumi na tatu alilitikisa mara mbili, akanyamaza. Kisha aliniambia, "Mwalimu, hili linalia sauti nyingine." Tukatazama chapa iliyopigwa ukingoni. Mabati 12 ya juu yalikuwa geji 28. Mabati 36 ya chini yalikuwa geji 30.

Hapo nilisimama baina ya mambo mawili mazito. Nyumba ilikuwa wazi, mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa bahari, na mama alikuwa ameketi mkekani chini ya mwembe pamoja na vyombo vyake. Aliniambia, "Pokea, mwanangu. Bati ni bati, na mvua haina subira." Dereva alisema kazi yake ni kuleta mzigo, si kuurudisha. Niliandika chini ya hati kwamba nimeyakataa mabati kwa kuwa siyo niliyoagiza, nikatia sahihi, nikamkataza fundi asipigilie hata moja. Nilidhani nimetenda kwa busara kamili. Usiku ule mvua ilinyesha. Mabati 48 yalilala uani, na nyumba ililala wazi.

Kulipokucha nilishika njia ya Tanga. Karani wa duka, kijana mwenye adabu, aliisoma ankara yangu, kisha akaweka kidole penye mstari uliopigwa chapa chini kabisa: Mali ikishauzwa hairudishwi. Hakusema neno jingine. Aliuonyesha mstari ule kama mtu aonyeshavyo ukuta.

Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi kwamba sentensi huulizwa kabla ya kuaminiwa, basi nikaiuliza ile. Inasema "ikishauzwa", yaani tendo la kuuza liwe limekwisha timia. Je, ni mali ipi iliyouzwa? Ni ile iliyotajwa katika ankara, ikapatanwa bei na kulipiwa, nayo ni geji 28. Geji 30 haikutajwa na mimi wala na yeye. Haikuuzwa, ililetwa tu. Kwa hiyo sentensi ile, hata ikiwa kweli kwa kila neno, haikuyagusa mabati yaliyolala uani kwa mama yangu. Tena inasema "hairudishwi", na kauli ya kutendwa ina desturi ya kumficha mtenda. Nani hairudishi? Kama ni mnunuzi aliyejuta baada ya kupata alichotaka, ni haki akatazwe. Lakini kama ni mwuzaji aliyeleta asichouza, anajikatazia nini, na kwa idhini ya nani?

Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwa sauti ya chini, "Maneno yako ni ya kweli, mwalimu, lakini kosa hili likiandikwa, mimi ndiye nitakayekatwa mshahara." Nathubutu kukiri kwamba jibu hilo lilinishinda kuliko ule mstari wa chapa. Nilikuwa nimejitayarisha kupambana na dhuluma, nikamkuta mtu mwenye hofu.

Mwenye duka alikuwa safarini. Alirejea siku ya tano, akabisha siku mbili, akakubali. Siku ya tisa lori lilileta mabati 36 ya geji 28 na kuchukua yale mengine. Katika siku hizo tisa mvua ilinyesha mara nne. Turubai nililonunua lilipasuliwa na upepo. Ukuta wa chumba cha mama ulimomonyoka upande wa kusi, gunia lake la mahindi likavunda, na yeye mwenyewe akalala nyumbani kwa jirani, jambo ambalo mtu mzima mwenye kwake hulihisi moyoni hata akikaribishwa kwa mikono miwili.

Kazi ilipokwisha nilifanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya kwanza: nilisoma sheria. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Nilikuta humo kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti kilingane na maelezo hayo. Kwamba mnunuzi ana haki ya kukikagua kabla hajahesabiwa kuwa amekipokea. Na kwamba akikikataa kwa haki halazimiki kukirudisha, yatosha amwarifu mwuzaji kwamba amekikataa. Nilikuta pia kwamba haki hiyo ina mipaka yake: mnunuzi akikitumia kitu kama mwenye mali, au akikaa nacho kimya kupita muda wa kiasi, huhesabiwa kuwa amekipokea. Katika hayo yote nilikuwa nimetenda sawasawa bila kujua, na moyo wangu ulianza kuona fahari.

Kisha nilifika mahali panapozungumza habari ya mzigo uliochanganyika. Ikiwa mwuzaji ameleta bidhaa zilizoagizwa pamoja na nyingine zisizo za maelezo yale, mnunuzi aweza kuzikataa zote, au aweza kuzipokea zilizo sawa na kuzikataa zilizobaki. Nilisoma mara ya pili, nikafunga kitabu. Mabati 12 yalikuwa sawa. Mabati 12 yangaliezeka chumba cha mama siku ile ile, kabla ya magharibi, wala nisingalipoteza haki yangu juu ya yale 36. Laiti ningalijua, mama angalilala kwake. Niliyakataa yote kwa kuwa sikujua kwamba haki yaweza kugawanywa. Na ujinga wangu haukulipwa na mwenye duka, wala na mimi, ulilipwa na mama.

Tangu siku hiyo nimejiuliza sababu ya mimi, mwenye shahada ya udaktari, kutojua jambo ambalo latosha kuandikwa katika mistari mitatu. Jibu moja liko katika lugha. Katazo la dukani limeandikwa kwa Kiswahili, kwa maneno matatu, nalo hukaa mbele ya macho ya kila mnunuzi. Haki iliyo kinyume chake iliandikwa kwa Kiingereza, ikakaa katika rafu za mawakili. Basi katazo lilisema lugha ya mnunuzi, na haki ikasema lugha ya mtu mwingine. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha mambo haya kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na hilo ni jema sana. Lakini kutafsiri sheria ni kazi moja, na kuifikisha tafsiri mpaka kaunta ya duka ni kazi nyingine. Hata Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomkataza mfanyabiashara kupotosha na kudanganya, na iliyounda Tume ya Ushindani, haijapata kuwa maarufu kama yale maneno matatu. Jirani zetu wa Kenya wameitia haki ya mlaji katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46, na naona wamefanya vyema kuiweka mahali inapoonekana.

Jibu la pili liko ndani ya nyoyo zetu, nalo pia naliona kwa njia ya maneno. Kabla ya Waingereza kuja, biashara ya pwani yetu iliongozwa kwa karne nyingi na fikihi ya Kiislamu, ambayo humpa mnunuzi haki iitwayo kwa Kiarabu khiyar, yaani uchaguzi wa kuyathibitisha mauzo au kuyavunja. Haki hiyo hupatikana, pamoja na sababu nyingine, kwa kasoro ya kitu, na kasoro kwa Kiarabu ni ayb. Maneno ya asili hiyo tunayo: hiari na aibu. Kiarabu hulitumia neno la pili kwa kasoro ya kitu na kwa fedheha ya mtu. Kiswahili chetu kimeshika zaidi fedheha. Hivyo kasoro imo katika bati, lakini aibu humshika aliyelinunua. Huona haya kuhesabu mbele ya dereva, huona haya kurudi dukani, huona haya kuonekana mgomvi kwa ajili ya fedha. Wasemao kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza husema kweli, lakini wamesahau kwamba kibaya hutembea salama kwa sababu ya haya zetu.

Walakini sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kila mwenye kukataa ni mwenye haki ya moyo. Mwaka 1933 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya mbao za kutengenezea mapipa ya saruji. Ziliagizwa ziwe na unene wa nusu inchi, na nyingi zilizidi kidogo. Zilifaa kabisa kwa mapipa, lakini bei ya mbao ilikuwa imeshuka sokoni, na wanunuzi walitafuta njia ya kujitoa. Walishinda. Sheria ilikuwa upande wao, ingawa sababu yao ilikuwa faida tu. Baadaye, mwaka 1994, Waingereza waliirekebisha sheria yao ili mfanyabiashara asikatae mali kwa tofauti ndogo mno isiyo na maana. Mimi nachukua fundisho hili: haki ni kama kisu cha jikoni, hukata kitoweo na hukata kidole, na mshikaji ndiye wa kuangaliwa. Ndiyo maana nilimwomba mwenye duka asimkate karani wake mshahara. Alisema ataona. Sijui aliona nini.

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito kwangu kuliandika. Sheria ilinipa njia ya kudai fidia kwa hasara iliyotokana na kosa lile: turubai, gunia la mahindi, udongo wa ukuta. Sikudai. Nilijiambia kwamba nimesamehe, kwa kuwa muungwana ni vitendo. Lakini msamaha hutolewa na aliyedhulumiwa, na aliyedhulumiwa alikuwa mama, ambaye sikumwuliza. Kwa hakika niliona haya. Nilikuwa nimekwisha mshinda mtu mara moja, nikaona aibu kumshinda mara ya pili.

Ankara ile ninayo hata sasa. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu mstari wake wa chini wauchanganue, nao huonyesha vyema kiambishi cha ngeli, cha masharti, cha ukamilifu na cha kauli ya kutendwa. Wakimaliza huwauliza swali moja zaidi, lisilo la sarufi: ni mali ipi? Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mama alipopata habari ya yale mabati 12 hakunilaumu. Alitazama juu, ambako mvua ilikuwa inagonga, akasema, "Basi wafundishe na wengine, mwanangu, ili wazazi wao walale kwao."