"Ndiyo" ya Kirolirwe

Kijiji chetu kina tahajia mbili. Kuna ramani zinazoandika Kirolirwe na nyingine Kilolirwe, na sisi wenyeji hatugombani na yeyote, kwa sababu masikioni mwetu r na l ya hapo ni kitu kimoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka likizo iliyopita, nilipoketi jikoni kwa nyogokuru, kando ya barabara itokayo Sake kwenda Kitchanga, nikimfundisha mtoto wa baba yangu mkubwa kusema "right" isisikike kama "light".

Yaya, ndivyo ninavyomwita, ni rubani. Leseni yake ni ya Kongo, na mafunzo yake yote yalikuwa kwa Kifaransa. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kurusha ndege ndogo katika nchi jirani. Lakini Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au kukubaliwa, na nchi ilikosajiliwa ndege. Ndege za mwajiri wake mpya zimesajiliwa huko, kwa hiyo leseni ya Kongo ilipaswa kubadilishwa.

Mimi nilidhani kubadilisha leseni ni kufundishwa kuruka upya. Sivyo. Yaya alinieleza kwamba Kifaransa kinatofautisha "brevet" na "licence": ya kwanza inathibitisha kwamba umejua, na hiyo haifi; ya pili inakuruhusu kukitumia unachokijua, na hiyo ina mwisho. Nikamwambia Kiswahili nacho kina cheti na leseni. Akacheka, akasema mpakani wanaangalia leseni tu. Hata Japani, ambako hati ya rubani huitwa kwa maneno yenye maana ya "uthibitisho wa ujuzi", rubani mwenye leseni ya nje anaweza kusamehewa mtihani wa kuruka. Kwa kawaida anachobaki nacho ni mtihani wa sheria za anga za Japani. Ujuzi wa mikono unavuka mpaka kwa urahisi. Kinachokaguliwa upya ni sheria, afya na lugha.

Hapo kwenye lugha ndipo nilipojiona nina kazi. Tangu Machi 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linamtaka rubani wa safari za kimataifa athibitishe kwamba anaimudu lugha anayoitumia redioni. Lugha hiyo inaweza kuwa ile ya kituo cha ardhini, na ndiyo maana Kifaransa kilimtosha Yaya kwetu. Lakini huko aendako ni Kiingereza. Kipimo kina ngazi 6, na anayetakiwa kuruka lazima afike angalau ngazi ya 4. Hupimwa mambo sita: matamshi, miundo, msamiati, ufasaha, ufahamu na mwingiliano. Wala alama hazijumlishwi zikagawanywa. Alama ya chini kabisa ndiyo alama yako. Ukipata 5 katika matano na 3 katika moja, wewe ni wa 3.

Kwa majuma mawili tulifanya mazoezi kila jioni. Mimi nilikaa upande mmoja wa ukuta wa mbao, yeye upande wa pili, asiuone mdomo wangu. Mimi mwongozaji ndege, yeye rubani. Nilimkatiza kila alipochanganya r na l. Nilimkatiza alipoongeza irabu mwishoni mwa neno. Nilikuwa na daftari la fonolojia la mwaka wa pili, na ninakiri kwamba nililifurahia zaidi kuliko nilivyomfurahia mwanafunzi wangu. Usiku mmoja nyogokuru aliuliza kutoka chumbani kwake, "Hamutalala?" Tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyo." Akatwambia basi tuzime taa tukimaliza, akalala.

Yaya alikwenda, akafanya mtihani, akarudi na 3.

Matamshi alipata 4. Kilichomwangusha kilikuwa mwingiliano. Katika mazungumzo ya kuigiza hitilafu ya injini, mtahini alimuuliza kwa Kiingereza cha kawaida: Kwa hiyo huwezi kubaki kwenye kimo hicho? Yaya akajibu, "Yes." Mtahini akaelewa kwamba anaweza, akaendelea na maagizo kana kwamba hali ni shwari. Yaya akadhani msaada unakuja. Walikwenda hivyo mabadilishano kadhaa, kila mmoja akiwa na ndege yake kichwani.

"Nilimwambia ukweli," Yaya alilalamika. "Aliuliza kama siwezi. Nikamwambia ndiyo."

Nilinyamaza kwa sababu nilimwona nyogokuru akizima taa. "Hamutalala?" "Ndiyo." Yeye alielewa kwamba hatutalala. "Ndiyo" yetu inakubaliana na kauli ya aliyeuliza: hujala? ndiyo, sijala. "Yes" ya Kiingereza haimjali aliyeuliza, inafuata tendo lenyewe: likiwa limefanyika ni "yes", lisipofanyika ni "no", hata swali lije limegeuzwa vipi. Mjapani angeelewana na nyogokuru vizuri, maana "hai" yake nayo hukubaliana na kauli ya muulizaji. Lugha ya redio imeiona hatari hiyo zamani. Rasmi rubani hasemi "yes". Husema "affirm" au "negative", na asipoweza husema "unable". Lakini hitilafu inapozidi misemo ya kukariri, mtu hurudi kwenye lugha ya kawaida, na huko ndiko "ndiyo" ya nyumbani inakomngoja.

Majuma mawili nilisahihisha kitu ambacho kipimo chenyewe kinakisamehe. Nilipokisoma kipimo hicho kwa makini, tena baada ya mtihani, niliona kwamba hata ngazi ya 6, ya juu kabisa, inakubali lafudhi yenye athari ya lugha ya kwanza, mradi isizuie kueleweka. Kosa lenyewe sikulisikia kwa sababu nami ninalo.

Ninaandika haya humu kwa kuwa kitivoni kwetu tuna tabia ileile. Ninaposema "batu" badala ya "watu", darasa zima hucheka, na nimejifunza kuficha. Hakuna aliyewahi kushindwa kunielewa kwa sababu ya ba- yangu. Lakini mhadhiri akiniuliza, "Hujaelewa?" nami nikaitika "Ndiyo," yupo anayerudia maelezo na yupo anayeendelea mbele, maana wengine humu tumekwisha kuchukua "yes" tukaivisha nguo ya "ndiyo". Hilo hatulicheki. Hatujaligundua.

Yaya atarudia mtihani mwezi ujao. Safari hii simkatizi kwenye r. Namuuliza maswali ya kukanusha tu, moja baada ya jingine, na sharti ni moja: asiseme ndiyo wala hapana, arudie kitenzi. Jana kwa simu nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa," alisema.

Nilimwelewa.