Jirani Asiyetajwa Jina

Wahenga walinena kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii imekita mizizi katika maisha ya jamii nyingi za Kenya, nayo ina busara yake: msiba unapobisha hodi, aghalabu wa kwanza kuitika ni ndugu wa damu. Hata hivyo, yako mafundisho ya Yesu Kristo yanayoitia methali hii mizanini, nayo ni kisa cha Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Kwa mwanafunzi mmoja wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja humu nchini, mizani hiyo haikuwa ya darasani tu.

Mwanafunzi huyo alirejea chuoni mwezi Machi 2008. Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wametia sahihi mkataba wa kugawana mamlaka tarehe 28 Februari, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na kuangamiza zaidi ya watu 1,100. Moto wa nchi ulikuwa umeanza kuzimika. Wa moyoni mwake ulikuwa ungali unafuka. Nyumba ya mamaye katika Bonde la Ufa ilikuwa imeteketezwa mwezi Januari, na mama huyo sasa aliishi katika chumba cha kupanga mjini, akiuza njugu karanga kando ya barabara. Bwenini, mwanafunzi alimkuta mwenzake wa chumba, kijana wa jamii ile ile aliyoilaumu kwa masaibu ya mamaye. Kabla ya uchaguzi walikuwa wakila sahani moja. Sasa hakumwita kwa jina. Alipomtaja mbele ya watu alisema tu "yule", na alipowataja watu wa kwao alisema "wale".

La ajabu ni kuwa imani haikuwa imemtoka. Alihudhuria ibada za wanafunzi Wakristo bila kukosa, na Jumapili kanisani aliitikia amina kwa sauti. Hakuona mgongano wowote. Imani yake na chuki yake ziliishi katika nyumba moja, kila moja na mlango wake.

Ijumaa moja malaria ilimpanda. Wenzake wa ibada walipita mlangoni jioni, wakamwona amejifunika blanketi, wakamwahidi maombi, kisha wakaenda kwenye kesha. Kufikia saa sita usiku alikuwa akitapika na kuweweseka. Aliyeamka ni "yule". Alimvisha sweta lake mwenyewe, akambeba mgongoni, akateremka naye ngazi za ghorofa tatu, akatafuta teksi na kuilipa kwa fedha alizokuwa amejiwekea za chakula cha wiki mbili. Hospitalini alikaa kwenye benchi hadi kukapambazuka. Hakutaja siasa wala hakuhubiri. Alisema tu, "Pole ndugu yangu, utapona."

Aliporudi bwenini, mwanafunzi aliifungua Biblia na kukisoma upya kisa ambacho alidhani anakijua. Barabara ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko huteremka takriban mita 1,000 katika mwendo usiotimia kilomita 30, tena katikati ya majabali yenye maficho. Humo msafiri alivamiwa na wanyang'anyi, akapigwa na kuachwa nusu mfu. Kuhani akapita kando. Mlawi naye vivyo hivyo. Siku zote mwanafunzi alikuwa akijiona katika nafasi ya Msamaria. Sasa aling'amua kuwa nafasi yake ilikuwa pale chini, mavumbini, akihudumiwa na mkono ambao asingeuchagua.

Isitoshe, aligundua jambo lililomtia baridi. Katika sura ya 9, kabla tu ya kisa hicho, kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu kwa kuwa safari yake ilielekea Yerusalemu. Uhasama wa Wayahudi na Wasamaria ulikuwa wa kale, ukihusu hata mahali halali pa kuabudia: Yerusalemu au mlima Gerizimu. Yakobo na Yohana walitaka kuita moto kutoka mbinguni ukiteketeze kijiji hicho, naye Yesu akawakemea. Mwanafunzi alikumbuka maombi yake mwenyewe ya Januari. Yeye pia, mbele za Mungu, aliomba moto.

Fauka ya hayo, kisa hicho kina funzo ambalo mpenzi wa lugha hawezi kulipuuza. Neno jirani lilitoka katika Kiarabu, ambako ni umbo la wingi. Kiswahili kimelifanya la umoja, mtu mmoja anayeishi karibu. Mwanasheria aliyemuuliza Yesu jirani yake ni nani alitaka mpaka: nani yumo na nani hayumo. Yesu hakumchorea mpaka. Aligeuza swali na kumuuliza ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani wa majeruhi. Ujirani ukaacha kuwa suala la mahali au nasaba, ukawa tendo. Hata hapo, mwanasheria hakuthubutu kutamka neno Msamaria; alijibu kwa kuzunguka, akimtaja kwa huruma aliyoitenda. Mwanafunzi aliposoma hapo alifunga kitabu. Alijua vyema jinsi mtu anavyoweza kulikwepa jina.

Pana watakaouliza: je, nyumba iliyochomwa? Swali hilo ni la haki. Msamaria hakurejesha kilichoporwa, wala kisa hakisemi kuwa wanyang'anyi waachwe huru. Alitoa mafuta, divai na dinari mbili, ambazo zilikuwa ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Huruma haifuti madai ya haki. Lakini aliyeilipa teksi usiku ule hakuwa ndiye aliyewasha kiberiti, na kumdai yeye deni hilo kulikuwa dhuluma nyingine.

Asubuhi iliyofuata, mwanafunzi alimwita mwenzake kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Mwenzake aliitika kama kwamba hapakuwa na lolote.

Likizo ilipofika alimsimulia mamaye kisa chote. Mama alisikiliza huku akipepeta njugu zake. Kisha akasema, "Mwanangu, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Mwana hakubishana naye. Ni yeye aliyeitazama nyumba ikiungua, na hakuna kijana awezaye kumsahihishia mama machozi yake.

Siku ya kuondoka, mama alimtilia njugu mkobani. Kwa kawaida alimfungia kifurushi kimoja. Safari hii vilikuwa viwili, vimefungwa sawa, vya uzito mmoja. Mwana alimtazama, naye mama akautazama mkoba.

"Usivichanganye," alisema. Cha pili kilikuwa cha nani, hakutaja.