Mkono Uliokataa Kazi

Uko ugonjwa usioleta homa wala kikohozi, wala dawa yake haiuzwi dukani. Mwalimu aweza kuupata, fundi aweza kuupata, hata mwanafunzi aliyekaa mbele ya karatasi nyeupe siku ya kuandika insha anaujua. Nao ni huu: mtu ana ufundi, ana vyombo vyake, ana haja ya kufanya kazi, lakini mkono hautaki. Mimi ni mchoraji wa picha hapa Lubumbashi, na ugonjwa huo ulinishika muda wa miezi minne katika mwaka 1994. Nataka kuwaelezeni jinsi ulivyoingia na jinsi ulivyotoka, maana ulinifanyia ubaya nyumbani mwangu kabla sijautambua.

Siku zile nchi yetu iliitwa Zaire. Fedha ilikuwa ikipoteza nguvu, na bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Watu waliozoea kununua picha za kutundika ukutani, kama ile ya mambamuntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, hawakuwa na kitu tena. Nilikuwa nikiandika mabango ya vinyozi na ya wauza nyama ili watoto wale.

Siku moja mama mjane wa mtaa wetu alikuja kwangu, amefunga kitu katika ncha ya kitenge chake. Alipofungua niliona picha ndogo iliyobanduliwa katika kitambulisho cha kazi cha marehemu mumewe, upana wake vidole viwili tu. Maji ya mvua yalikuwa yameilowesha, na nusu ya uso ilikuwa imefutika. Mtu yule alikuwa amefanya kazi miaka mingi penye tanuru za kuyeyushia shaba.

"Fundi," akaniambia, "watoto wangu wawili wa mwisho hawamkumbuki baba yao. Nichoree, wamwone."

Akanilipa nusu ya fedha papo hapo. Siku ile ile nikaipeleka shuleni kwa ajili ya masomo ya watoto wangu, nikarudi nyumbani kwa furaha.

Nikawamba kitambaa cha mfuko wa unga juu ya fremu, nikakipaka rangi nyeupe, nikaanza uso. Haukuwa uso wa mtu yeyote. Nikaufuta. Mara ya pili ulifanana na uso wa bwana mkubwa niliyemwona gazetini. Nikaufuta. Nilifanya hivyo mara saba. Mara ya nane sikuanza.

Basi nikajifunza ufundi mwingine, ufundi wa udhuru. Leo rangi ya buluu imekwisha. Kesho mwanga haufai. Kesho kutwa nasafisha burashi zilizo safi. Niliwaambia rafiki zangu kwamba mchoraji hawezi kulazimishwa, lazima angoje moyo wake uamke. Maneno hayo yalisikika vizuri, nami niliyapenda.

Yule mama alipokuja kuuliza habari ya picha, nilimwambia mtoto wangu mwenye miaka tisa, "Nenda umwambie baba hayupo." Akaenda. Mara ya pili nikamtuma tena. Mara ya tatu sikumtuma. Aliposikia hodi alitoka mwenyewe, akausema uongo wangu kwa sauti nzuri, kama mtoto anayetoa somo alilolikariri.

Mke wangu alikuwa penye mbabula, akipepea makaa. Hakupaza sauti. "Baba watoto," akasema, "picha ya watu hukuichora, lakini mtoto wetu umekwisha kumchora."

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nikaenda kwa mzee mmoja, mpaka rangi wa nyumba, ambaye katika ujana wake aliwajua wachoraji wa Hangar. Wasomaji vijana huenda hawajui habari hiyo. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji katika mji huu, uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Karakana ile iliitwa Hangar, yaani banda. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Alimtaka kila mmoja achore yale aliyoyaona na kuyakumbuka yeye mwenyewe. Ndipo wakatokea Pili Pili Mulongoy na samaki wake, nyoka wake na ndege wake. Na Mwenze Kibwanga, aliyejenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi ya rangi. Na Bela, aliyepaka rangi kwa vidole vyake. Mfaransa yule alikufa mwaka 1954, lakini picha za wanafunzi wake zilikuwa zimekwisha kujulikana hata ng'ambo.

Nilimweleza mzee shida yangu kwa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, unapochora uso wa mtu yule, unamfikiri nani?"

Nilitaka kusema namfikiri marehemu, nikashindwa. Nilikuwa nikiwafikiri wachoraji wenzangu na watu wa mtaa watakaoingia nyumba ya mjane, watazame ukutani, waseme, "Kumbe fundi yule hawezi!"

"Basi," akasema mzee, "nyumba ya moyo wako imejaa wageni, na mwenyewe hana kiti. Bela alipochovya vidole vyake katika rangi, unadhani aliuliza kwanza watu watasema nini? Rudi nyumbani. Kesho chora kitu kisicho na sifa yoyote. Chora mbabula ya mke wako. Ukimaliza, usimwonyeshe mtu. Siku ya pili chora kitu kingine. Fanya hivyo siku sita, alfajiri, kabla ya kusema na watu."

"Na yule mama, Mzee?"

"Dawa ya deni ni kulipa. Nenda kwake mchana, watu wakikuona."

Nilifanya kama alivyoniambia. Siku ya kwanza nilichora mbabula vibaya sana. Siku ya pili nilichora kinu, siku ya tatu kiatu cha mtoto kilichopasuka kando. Siku ya nne nilirudia mbabula, ndipo nikaona kwamba matundu yake hayakulingana. Mtu fulani, nisiyemjua, aliyatoboa kwa msumari katika bati kuukuu, na tundu moja lilimpotea akalipiga upya karibu yake. Miaka mingi nilikuwa nimeota moto wa chombo kile, nisikitazame hata mara moja. Siku ya sita mkono wangu ulikwenda bila mimi kuuangalia.

Siku ya saba nikaenda kwa mjane na mtoto wangu nikamchukua. Nikasema mbele yake, "Mama, siku zote ulipokuja nilikuwapo. Mtoto alisema uongo kwa sababu yangu. Picha sijaichora, na fedha yako nimekwisha kuitumia. Nitairudisha kidogo kidogo."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Fundi, nani alikuomba uso wa kutazamwa na mji mzima? Mimi nataka watoto wamjue." Akaanza kunisimulia. Mumewe alirudi kazini jioni, akachuchumaa uani kando ya baiskeli yake, akakaza njugu zake hata kama hazikulegea, kichwa amekiinamisha upande wa kushoto, kofia imeshuka machoni. Hapo alikuwa hasemi na mtu mpaka chakula kiwe tayari. Kidole gumba cha mkono wa kuume kilikuwa na kovu la moto wa tanuru. Na mikono yake, akasema, ilikuwa hii hii; akamvuta kijana wake wa pili, akanionyesha mikono yake.

Niliomba kijana achuchumae uani. Nikatoa kalamu ya risasi, nikachora mikono ile mpaka jua likatua. Sikumfikiri mtu mwingine.

Picha niliimaliza katika siku tisa. Nilimchora mtu aliyechuchumaa karibu na baiskeli. Nusu ya uso niliifanya kama ilivyokuwa katika kile kipande cha picha. Nusu ile iliyofutwa na mvua niliiweka katika kivuli cha kofia, kwa kuwa sikuijua, wala sikutaka kuibuni. Sikio nililifanya kubwa kuliko haki yake, na mpaka leo likinijia moyoni nataka kwenda kulipunguza.

Tulipoipeleka, mjane aliitazama akacheka kwa ajili ya sikio, kisha akalia. Mtoto wake wa mwisho alisogea, akagusa gurudumu, akauliza, "Mama, baiskeli hii iko wapi?"

"Iko hapo," akajibu mama, akionyesha picha.

Hapo ndipo nilipojua fedha yangu ya kwanza ilitoka wapi. Alikuwa ameiuza baiskeli ya marehemu. Nusu ya pili ya malipo sikuipokea. Njiani mtoto wangu alinishika mkono, akaniuliza, "Baba, akija mtu mwingine, niseme nini?" Nikamjibu, "Sema baba yupo."

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile miaka zaidi ya thelathini imepita, na mkono wangu umekataa kazi mara nyingine nyingi. Lakini siuiti tena kwa jina la heshima, wala sisemi nangoja moyo uamke. Najua kwamba mara nyingi ni hofu ya macho ya watu iliyovaa nguo ya ufundi. Nikiiona, naamka alfajiri, nachora sufuria, au ufagio, au viatu vya mjukuu wangu mlangoni, mpaka macho yarudi katika kazi yao ya kuona. Na kama kuna mtu ninayemwia kazi, naenda kwake kabla hajapiga hodi. Wazee walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Nanyi wanafunzi, mkikaa mbele ya karatasi nyeupe na maneno yakakataa, msitafute sentensi ya kumshangaza mwalimu. Andikeni kwanza juu ya kitu kimoja mlichokiona leo njiani, kama kilivyokuwa. Kitu hicho kitawaletea kingine. Na ninyi wazazi, kabla hamjamtuma mtoto mlangoni, kumbukeni kwamba anasoma kazi zetu zote, hata zile tusizozimaliza.